Mdomo wa Godoro

Mtu anaweza kuitwa Mdogo mpaka meno yamtoke. Huyu aliitwa hivyo tangu akiwa tumboni, maana mama yake alipoulizwa amebeba nini alimnyooshea kidole mwanawe wa kwanza akasema, "Nimebeba mdogo wake huyu." Akaitwa hivyo alipozaliwa, alipooa, alipomzika mkewe, na alipoanza kushika ukuta akishuka ngazi. Majirani walipoona mvi zimemjaa kichwani na jina hawawezi kuliacha, waliunganisha yote mawili wakamwita Mzee Mdogo. Alicheka pamoja nao. Lakini akifika nyumbani kwa kaka yake, hilo "Mzee" alilivua mlangoni pamoja na viatu.

Kazi ya familia ilikuwa magodoro. Si haya ya sponji yanayoletwa yamekunjwa ndani ya mfuko kama mkate, ambayo mtu huyalalia miaka michache, yakabonyea katikati, yakatupwa. Godoro la pamba lilikuwa halitupwi. Likichoka lilirudishwa kwa fundi, likafumuliwa, pamba ikaanikwa juani na kuchambuliwa upya, ikarudishwa ndani, na mwenyewe akalala kama siku aliyolinunua. Walikuwapo watu waliozaliwa na kufa juu ya godoro lile lile, nalo likabaki linawalaza wajukuu.

Baba yao ndiye aliyefungua karakana. Ilikuwa ukumbi mrefu wenye madirisha madogo karibu na dari. Nyuma yake ua, na nyuma ya ua vyumba vya kuishi. Kazi iligawanywa kwa umri. Aliye mdogo kuliko wote aliketi sakafuni akichambua pamba kwa vidole, akila vumbi mpaka kope zikawa nyeupe. Aliyemzidi alijaza. Mkubwa wa wote alikuwa na kazi moja tu: kufunga mdomo. Upande mmoja wa godoro huachwa wazi ili pamba iingie, na likishajaa mkubwa hupiga goti, huchukua sindano ndefu na kuushona upande ule. Sindano ile haikuguswa na mwingine. Kabla ya mdomo kufungwa, hilo ni gunia la pamba. Ukishafungwa ndipo linapoitwa godoro.

Baba alipokufa sindano ilikwenda kwa Kaka, na Mdogo akabaki kwenye pamba. Vibarua walikuja na kuondoka, wengine wakapandishwa kujaza, ila mdomo ulifungwa na Kaka. Mdogo hakunung'unika, kwa kuwa aliujua mstari unakwenda wapi. Watu wa zamani waliungoja uzee kama mtu anavyongoja zamu yake bombani: ndoo iko mkononi, haraka hana, anajua waliotangulia watachota na yeye atachota. Ndiyo maana vijana wa wakati ule waliweza kuvumilia mengi. Siku hizi kila mmoja anataka kuchota kwanza, na yule aliyesimama kwenye mstari tangu alfajiri, akifika mbele, anaambiwa bomba limehamishwa.

Kila asubuhi Mdogo alisimama kizingitini pa karakana.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba, Mdogo."

Pamba haikuguswa kabla ya hapo. Kaka akiwa na hasira alichelewesha jibu, na Mdogo alisimama nje kama mzigo ambao haujalipiwa. Siku moja Kaka aliamka na jino bovu, shavu limevimba kama amefutika limau, mdomo haufunguki. Mdogo akaamkia, akangoja. Kaka akatikisa kichwa. Mdogo akaona kichwa si neno, akaendelea kusimama. Mteja mmoja aliyekuwa ndani akasema, "Mzee, mjibu mwenzako. Nataka kulalia godoro langu kabla sijafa." Kaka akajikaza, akatoa sauti kama mlango wenye kutu, na Mdogo akaingia kazini.

Ndivyo walivyolelewa. Hata chakulani, enzi za baba yao, hapakuwa na mkono ulionyooshwa kabla baba hajaamkiwa, akaitikia, akaketi na kuonja. Hapo ndipo wengine walipokula.

Kisha sponji ikaja. Mwaka wa kwanza Kaka aliicheka, mwaka wa pili aliitukana, mwaka wa tatu hakuisema tena. Wateja walipungua mmoja mmoja, bila hata kuaga. Kaka naye alianza kudhoofika, akaiacha karakana kwa mwanawe wa pekee, ambaye watu wote walimwita Bosi. Jina hilo alilipata utotoni kwa kupenda kukalia kiti cha baba yake, na alipokua alionekana kulichukulia kama ahadi. Alikuwa ameishi ugenini miaka mingi, akarudi na mke wa huko na mawazo ya huko. Alijaza ukumbi magodoro ya sponji mpaka darini. Mlangoni akaweka kiti cha plastiki.

"Hiki ni chako, Mzee," alimwambia Mdogo. "Umefanya kazi sana. Sasa kaa upumzike."

Hivyo ndivyo Mdogo alivyotoka udogoni na kuingia uzeeni kwa asubuhi moja, bila kupita popote katikati. Jana alikuwa hajaruhusiwa kushika sindano. Leo alikuwa amepita umri wa kushika kitu chochote.

Kuna jambo jingine lililomchoma, ingawa mtu angemwona mtoto akilisema. Zamani Bosi alimwita Baba Mdogo. Neno hilo lina baba ndani yake. Anayeitwa hivyo anaweza kumkanya mtoto wa nduguye, kumposea mke, kumwambia hapana na ikawa hapana. Aliporudi kutoka ugenini Bosi alimwita Anko. Anko hana la kukataza. Anko ni mtu wa kununuliwa soda.

Mke wa Bosi alikuwa mtu mwema. Lugha alijifunza kwa kusikiliza, na aliyoyajua aliyasema bila woga. Wiki ya kwanza alimuuliza Mdogo umri wake.

"Sabini," Mdogo akajibu, akiketi wima.

"Sabini? Hapana, Anko. Huonekani kabisa. Mimi ningesema hamsini."

Aliyasema hayo uso unang'aa, kama mtu anayetoa zawadi. Mdogo alihisi ametiwa mkono mfukoni. Miaka ile aliikusanya mmoja mmoja, mingine kwa taabu, na sasa mtu anampunguzia ishirini halafu anangoja kushukuriwa.

"Sasa mkwe," akauliza, "hiyo ishirini uliyonitoa unaipeleka wapi?"

Yule mwanamke alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku hiyo alizoea kuja kukaa naye mlangoni wateja wakiwa wachache. Alimsimulia kuhusu bibi yake.

"Ukimwita bibi haitiki," alisema. "Sisi wajukuu tunamwita kwa jina lake. Anaishi kwenye nyumba ya wazee, na alichagua mwenyewe. Alisema hataki mwanawe amwone akivalishwa nguo."

"Na mwanawe akakubali?"

"Alilia, lakini akakubali. Kwetu, kumzuia ingekuwa kumkosea heshima."

Mdogo alilifikiria neno hilo siku nzima. Kumbe kwao aibu ilikuwa ya mzee aliyewaelemea watu. Huku, aibu ilikuwa ya watoto walioonekana wameelemewa. Aibu ni ile ile, ila kila watu wameiweka kwenye bega tofauti. Aliona kwamba yule bibi hakuwa ametupwa, na kuliona hilo hakukumfurahisha, kwa sababu ni rahisi zaidi kumchukia mtu asiye na sababu.

Wakati huo Kaka alikuwa halali tena bila kulazwa. Chumba chake kilikuwa cha mwisho uani, kitanda karibu na dirisha, na juu ya kitanda, mambo ya dunia, godoro la sponji. Akili ilikuwa inamtoka pembeni kidogo kidogo, kama pamba kwenye mshono uliolegea. Alimsahau mwanawe. Aliuliza habari za mkewe aliyekwisha kufa. Ila Mdogo hakumpotea.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba, Mdogo. Mbona umekuja kifua wazi? Kuna baridi. Vaa kitu."

"Nimevaa sweta, Kaka."

"Hilo si sweta. Hilo ni chujio."

Kwa hiyo kila asubuhi Mdogo alipita kwenye kiti cha plastiki akiwa mzee, akavuka ua, na alipofika chumba cha mwisho alikuwa tena mdogo wa mtu. Hakujua kama palikuwa na mahali pengine duniani angeweza kukaripiwa kwa ajili ya kifua chake.

Basi Kaka akaacha kula.

Ilianza ghafla. Mke wa Bosi alimpelekea supu asubuhi, Kaka akaitazama, akasema, "Bado." Mwanamke akairudisha jikoni, akaileta tena mchana. "Bado." Jioni, "Bado." Maji alikubali kwa kijiko, chakula hapana. Kesho yake vivyo hivyo. Mwanamke yule alipasha supu mpaka ikakauka sufuriani. Daktari aliitwa, akamkagua koo na tumbo, hakuona ubaya. Alisema wapo wazee wanaofika mahali wakachoka tu, na kwamba mtu asiyekula hawezi kukaa hivyo siku nyingi.

Bosi alimwita Mdogo nyuma ya marundo ya sponji.

"Anko, nimepata nafasi kwenye kituo cha wazee. Kuna wauguzi pale, wanajua kulisha mtu asiyetaka. Gari linakuja Jumamosi."

"Hilo umelipanga na nani?"

"Nimelipanga."

"Mimi ni baba yako mdogo," Mdogo akasema, na sauti ilimtetemeka kwa kuwa hakuizoea kazi hiyo. "Kaka akiwa hawezi kusema, wa kusema ni mimi. Nasema abaki."

"Abaki ale nini?" Bosi hakupandisha sauti. "Mke wangu anapiga magoti na kijiko mkononi kutwa nzima. Unafikiri napenda? Yule ni baba yangu, Anko. Hanijui, lakini mimi namjua. Nimtazame afe na njaa nyumbani mwangu?"

Mdogo aliegemea rundo la sponji, na Bosi akamwona.

"Na wewe mwenyewe unatembea kwa kushika ukuta. Ukitaka kumwinua, nani atawainua wawili? Sikukatazi kwenda kumtembelea huko."

"Sikuomba ruhusa ya kumtembelea," Mdogo akasema, akaenda kuketi kwenye kiti chake, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Asubuhi iliyofuata alivuka ua mapema. Kaka alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, mikono yake ikinyofoa nyuzi za shuka. Mdogo alisimama kizingitini, mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Shikamoo, Kaka."

Kaka aligeuka. Macho yake yalianza juu kwenye kofia, yakashuka kwenye mvi za kidevuni, yakafika kwenye ule mkono ulioshika mwimo. Kwa ghafla alivuta miguu akaishusha sakafuni, akajikusanya, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Mdogo alidhani hakusikia vizuri. Akaingia hatua moja.

"Kaka, ni mimi. Mdogo."

Kaka hakuinua kichwa. Shingo yake ilikuwa imekonda, na nyuma yake palikuwa na shimo dogo kama la mtoto. Akarudia, safari hii kwa woga wa anayedhani amekosea: "Shikamoo, baba."

Mke wa Bosi alikuwa amefika na bakuli.

"Anko, kwa nini ameinama hivyo?"

"Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Kuitikiwa. Ananiona mimi ni baba yetu."

"Basi mwitikie."

"Haiwezekani, mkwe."

"Lakini ni neno moja tu."

"Ni moja, ndiyo. Linatoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Nikilisema mimi, nimemshusha kaka yangu akiwa hai, ananitazama."

Hakumwambia yaliyobaki. Maisha yake yote alikuwa amelitamani neno lile litoke kinywani mwake ndani ya nyumba hii, aamkiwe na aitikie, lakini siku ambayo Kaka hayupo tena na zamu imefika kwa haki. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba wa kumwamkia angekuwa Kaka.

Mwanamke alisogeza kigoda, akaweka bakuli mbele ya Kaka. "Baba, supu. Kula kidogo."

Kaka aliitazama ile supu. Koo lilipanda na kushuka, alimeza mate. Kisha, kichwa bado kimeinama, akasema polepole kama anayejizuia, "Bado."

Hapo ndipo Mdogo alipolisikia neno lile. Wengine walikuwa wamelisikia siku zote hizo, yeye pia, na hakuna aliyelielewa. Lilikuwa neno la mama yao. Walipokuwa wadogo, chakula kimetengwa, mvuke unawapiga puani, mikono yao ikianza kutambaa kuelekea sahanini, mama aliwanong'onezea hilo moja tu: bado. Baba hajaja. Baba hajaonja.

Kaka hakuwa amechoka kuishi. Alikuwa na njaa. Alikuwa na njaa tangu siku ya kwanza, na alikuwa ameketi pale kwa adabu, mtoto mwema, akimngoja baba yake aingie mlangoni, huku wao wakimwitia gari.

Mdogo alishika mwimo kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema.

Lilitoka dogo. Kaka hakutikisika. Baba yao alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyemeza vumbi la pamba miaka mingi, na Mdogo alilazimika kwenda kuitafuta mbali, chini kabisa ya kifua.

"Marahaba, mwanangu. Kaa ule."

Aliketi kitandani, akachukua kijiko, akaonja kwanza. Ndipo Kaka alipoinua kichwa. Alikula bila kupumzika, akakwangua bakuli, akalamba kijiko. Mke wa Bosi alikuwa amegeukia dirishani akilinyoosha pazia ambalo lilikuwa limenyooka.

"Amekula?" Bosi aliuliza alipoitwa.

"Amemaliza," mkewe akajibu. "Lile gari waambie lisije."

Bosi alimtazama baba yake, kisha bakuli, kisha Mdogo. "Itabidi uwe unakuja kila mlo, Anko."

"Nilikuwa nakuja kabla hujazaliwa."

Basi Mdogo akawa na kile alichokitamani. Asubuhi, mchana na jioni alisimama kizingitini akaamkiwa, akaitikia, akaonja, na kaka yake akala. Mwili wa Kaka ukarudi kidogo. Ila jina "Mdogo" halikutoka tena kinywani mwa Kaka, na hapakuwa na mwingine wa kulisema vile. Majirani waliendelea na Mzee Mdogo wao. Aliwaitikia, lakini kicheko kilikuwa kimemkauka. Nyumba ya kuvulia ule uzee mlangoni ilikuwa haipo tena.

Vidole vya Kaka havikutulia. Kila shuka aliyopewa aliinyofoa mpaka ikatoboka. Siku moja Mdogo aliingia stoo, akasukuma marundo ya sponji, akatoa gunia la pamba lililosahauliwa kule nyuma. Aliimwaga sakafuni mwa chumba cha mwisho. Kaka aliteremka kitandani mwenyewe, akakunja miguu, akaanza kuchambua, akiketi mahali pa mdogo kuliko wote. Mdogo alijaza. Mke wa Bosi aliwashikia kitambaa cha godoro, nywele zake zikiwa nyeupe kwa vumbi, na alipojiona kwenye kioo alisema, "Sasa Anko, mimi ninaonekana miaka mingapi?"

"Bado mtoto," Mdogo akasema. "Lakini unatia matumaini."

Bosi alichungulia mlangoni. "Nani atanunua hilo?"

"Haliuzwi," mkewe akamjibu. Bosi akaondoka.

Godoro lilipojaa, Mdogo alikwenda ukumbini akaichomoa sindano pale Kaka alipokuwa ameichomeka, kwenye mwimo wa mlango, ikiwa bado na kipande cha uzi. Alirudi, na kwa mazoea ya maisha yake yote akamnyooshea Kaka.

Kaka aliificha mikono nyuma ya mgongo.

"Hapana, baba. Mimi nachambua tu."

"Shika."

"Funga wewe, baba."

Mdogo akapiga goti; magoti yakalia kama kuni. Hatua zile alikuwa amezitazama tangu utoto, lakini macho hujifunza upesi kuliko mikono, na mshono wa kwanza ulikwenda upande. Akaufumua, akaanza upya. Kaka alisogea karibu, kipande cha pamba kikimzunguka vidoleni, akamtazama kama mtu anayetazama kitu ambacho siku moja kitakuwa chake.

"Baba."

"Naam."

"Mdogo yuko wapi? Mbona leo hajaja kuamkia?"

Sindano ilisimama ndani ya kitambaa. Nje, mtu alikuwa akiburuta godoro la sponji uani, na lilitoa sauti ya mfuko wa plastiki.

"Nimemtuma," Mdogo akasema.

"Mbali?"

"Si mbali sana."

Kaka alitafakari, akairudia pamba yake.

"Akirudi mwambie avae kitu. Kuna baridi."

"Nitamwambia," akasema, akavuta uzi, akaendelea kufunga.